Kamba Juu ya Kitanda

Pai ya nne iliungua. Ardith Hostetter alikuwa akiitegemea pua kumwambia lini ganda limeiva, na kwa pai tatu za kwanza pua haikumwangusha. Lakini Gary, mwenye mgahawa, alikuwa amefungua mlango wa nyuma ili avute sigara, na harufu yote ya matofaa ikatoka nje pamoja na moshi wake. Ardith aliiweka pai mezani, akaiinamia mpaka uso ukahisi joto. Aliona ukungu pembeni, ukungu juu, na katikati kitu cheusi ambacho hakikuhitaji macho mazima.

"Hiyo ya nani?" Gary aliuliza.

"Ya kuku wangu."

"Kuku wako wanakula vizuri kuliko wateja wangu." Gary alizima sigara kwa kiatu, akarudisha mlango. "Mayai yamepanda tena, Ardith. Simlaumu mtu. Nasema tu yamepanda."

"Na mimi nasema tu ulifungua mlango."

Gary alicheka, akachukua kisu, akakwangua sehemu nyeusi yeye mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya. Biashara yake ilikuwa ya viti kumi na viwili na wazee wanaokunywa kahawa moja asubuhi nzima, na alichoweza kumpa Ardith ni saa ishirini na tano kwa wiki, bila bima, bila likizo, ila mabaki ya supu ruksa kwenda nayo nyumbani. Kwa miaka kumi na minane Ardith alikuwa akianza kazi saa kumi alfajiri, akisukuma donge, akikata matofaa, akiwasikiliza wazee wale wakiitawala nchi kutoka kwenye kaunta. Aliipenda kazi ile. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane na hakuwahi kutamani nyingine.

Tatizo lilikuwa macho. Mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari wa macho alimwambia mwezi wa Julai kwamba ni upasuaji mwepesi kabisa, chini ya nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. "Sasa tuzungumzie bima yako," akasema, na wepesi ukaishia hapo. Alimwekea nafasi tarehe tisa Novemba, akamwonya asichelewe sana. Leseni yake ya kuendesha gari ilikuwa inaisha mwezi wa Februari, na kuipata upya lazima usome herufi ukutani. Kutoka nyumbani kwake hadi mgahawani ni maili kumi na moja na hakuna basi. Bila macho hakuna leseni, bila leseni hakuna pai.

Kwa hiyo mwezi huo wa Julai aliketi na simu. Alianza na Washington, kwenye serikali kuu, kwa sababu mumewe alisikia Washington inawasaidia watu kununua bima. Akasikiliza muziki dakika arobaini, kisha akapokelewa na mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Mama, kwa kipato chenu hamwingii kwenye msaada wetu."

"Tunapata pesa nyingi mno?"

"Hapana, mama. Kidogo mno. Walio chini ya hapo wanahudumiwa na jimbo."

Akapiga jimboni, Kansas. Huko alipokelewa na mwanamume, naye pia mpole. Alimweleza kwamba ule mpango wa watu wazima wa kipato cha chini, ambao Washington inaulipia sehemu kubwa, Kansas haikuuchukua. Kila jimbo lina hiari. Pengine ajaribu Washington.

Yaani ukiwa maskini kiasi, kuna mkono. Ukiwa maskini zaidi, mkono unakuelekeza kwenye mlango, na mlango una ukuta nyuma yake. Ardith alikata simu, akaenda kuwalisha kuku, akawaeleza yote hayo. Kuku walimsikiliza vizuri kuliko Merle.

Merle, mumewe, mjenzi wa uzio wa mashamba, alisikiliza akiwa ameshika tumbo. Yeye naye alikuwa na lake, ngiri iliyomlazimu kuvaa mkanda mpana chini ya shati na kukataa nusu ya kazi zilizomjia. Uchungu wake ulikuwa na nyongeza ya aibu. Miaka kadhaa nyuma, Kansas ilipotangaza kuukataa mpango ule, Merle alikuwa kwenye kaunta ya Gary pamoja na wazee wenzake. Wakasema vizuri sana, jimbo lijiamulie mambo yake, Washington isituchagulie daktari. Wakapiga makofi.

"Nilipiga mara moja tu," Merle alizoea kujitetea.

"Nilikuwepo," Ardith alimjibu kila mara. "Nilikuwa natoa pai. Ulisimama ukapiga."

Lakini nyumba yao ilikuwa na siri, na siri hiyo ndiyo iliyowapa matumaini.

Babu yake Merle, mzee Orrin, aliijenga juu ya mstari unaotenganisha Kansas na Missouri, na hakuijenga hapo kwa bahati mbaya. Enzi zake Kansas ilipiga marufuku pombe, Missouri iliiruhusu. Mzee Orrin alitaka kuheshimu sheria na alitaka pia kunywa, hivyo akaweka sebule Kansas na jiko Missouri, na baina yao akapigilia misumari ya shaba sakafuni, mstari mmoja mrefu. Polisi wa Kansas wakija, walisimama kwenye misumari wakamsalimia, naye akawainulia glasi kutoka upande wa pili. Hakukamatwa hata siku moja. Vizazi vitatu vya ukoo ule vilijifunza kutembea kwa kuiruka misumari ile, na kila Krismasi hadithi ilisimuliwa upya.

Na Missouri, wananchi wenyewe walipiga kura, mpango ukachukuliwa. Ardith na Merle waliomba bima huko mwezi wa Agosti, wote wawili. Jibu lilikuja Septemba: ofisi ya wilaya, upande wa Missouri, itamtuma mtu kuthibitisha makazi. Barua ilisema kinachoangaliwa ni mahali mwombaji anapolala.

Hapo ndipo palipouma. Miaka minne iliyopita paa la upande wa Missouri lilivuja, na Merle akakihamishia kitanda sebuleni, karibu na jiko la kuni. Wakazoea. Paa lilipozibwa, kitanda kikabaki Kansas kwa sababu ya uvivu na joto.

Mtu wa wilaya alikuwa anakuja leo, saa nane mchana.

* * *

Ardith alifika nyumbani saa tano kasoro, baada ya kuendesha kwa kukariri: silo, kona, kanisa, daraja, kona, sanduku la barua. Alipoingia ndani alikuta mlango wa sebule umezibwa na kitanda, na nyuma ya kitanda sauti mbili zinagombana.

"Kigeuze!"

"Kimegeuka!"

"Kimegeuka kwako. Kwangu kimeninyima pumzi."

Ya pili ilikuwa ya Twyla, jirani yao wa ng'ambo ya barabara, mjane mwenye maneno kuliko redio. Nyumba yake ilikuwa hatua arobaini magharibi ya hapo, yote Kansas, bila msumari hata mmoja. Alikuwa na kisukari, na kwa miezi mitano sasa alikuwa akipunguza dozi ya insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hilo alilisema kama mtu anavyosema kwamba anaweka sukari kidogo kwenye chai.

"Merle," Ardith aliita, "tumbo lako."

"Tumbo langu liko salama."

"Tumbo lake linalia," Twyla alisema. "Nalisikia kutoka hapa. Vaa glavu, dada, uje umsaidie huyu mwanamume kabla hajazaa."

Walitoa miguu ya kitanda kwa spana, wakalaza fremu kwa ubavu, wakaivusha juu ya misumari ya shaba. Merle alisimama kidogo hapo akihema, mkono kwenye mkanda.

"Babu alivusha pombe," alisema. "Sisi tunavusha kitanda."

"Babu yako alikuwa na faida zaidi," Twyla akajibu.

Chumba cha nyuma ya jiko kilikuwa chembamba. Ndimo mzee Orrin alimowekea mapipa, na mapipa hayahitaji nafasi ya kuzunguka. Upande mmoja kulikuwa na kabati lililojengewa ukutani na upande wa pili ukuta mtupu. Walijaribu kukilaza kitanda kwa upana, mlango ukakataa kufunguka. Mwishowe kikakubali namna moja tu: kichwa chini ya dirisha la kaskazini, ubavu kwenye ukuta wa mashariki. Twyla alitandika blanketi la viraka, akaupiga mto kofi.

"Karibuni Missouri," alisema. "Mkipata madaktari msituringie."

Ardith aliketi kwenye ukingo, akalipapasa blanketi. Furaha ilimpanda bila kuombwa. Aliwaza kuhusu Novemba, na kuhusu pai aliyoiona vizuri mara ya mwisho, kahawia ya dhahabu na sukari inayong'aa, na akajua kuwa ameikosa rangi ile kama mtu anavyomkosa rafiki.

"Twyla, kaa ule."

"Nina nguo kwenye kamba. Nitarudi nikisikia gari limeondoka." Alifika mlangoni, akashika fremu sekunde mbili zaidi ya ilivyohitajika, kisha akasema kimejikwaa kiatu tu, akaenda zake.

* * *

Aliyekuja alikuwa msichana. Deanna Pruitt, ndivyo kilivyosema kitambulisho kifuani, na Merle ilibidi amsomee Ardith kwa sauti. Alikuwa na kishikwambi, viatu vya mji, na mafua. Alipangusa miguu kwenye mkeka wa mlangoni kwa muda mrefu.

"Mama Hostetter? Mzee? Samahani kwa usumbufu, sitakaa."

"Utakaa," Ardith alisema. "Kuna pai. Imekwanguliwa juu lakini ndani ni nzima."

"Sheria haituruhusu kupokea kitu, mama."

"Sheria ya Washington au ya Missouri?"

Msichana alifikiri. "Sijui kwa kweli. Zote zipo kwenye kitabu kimoja."

"Basi kula, hata wao hawajui."

Deanna alikataa kwa mdomo na kukubali kwa macho, na kipande kikawekwa mezani karibu naye, bila kusemwa tena. Merle alimwonyesha misumari. Alimsimulia habari ya mzee Orrin, polisi na glasi, kwa mikono na sauti zote, na msichana akacheka kweli, akapiga chafya, akapiga picha. Kisha akauliza kitanda kiko wapi. Wakampeleka.

"Mnalala humu tangu lini?"

Ardith alikuwa mwongo mbaya. Alijijua. Aliangalia sakafu.

"Tangu leo," alisema.

Merle alifumba macho. Lakini Deanna aliandika bila kuinua kichwa. "Leo inatosha. Kitabu kinasema mahali unapoishi sasa na unakusudia kuendelea kuishi. Mnakusudia?"

"Kwa tumbo langu hili, binti, sikihamishi tena mpaka nife," Merle alisema.

"Vizuri." Alivuta kamasi. "Sasa kuna jambo moja dogo. Kwa nyumba zilizo mpakani siruhusiwi kutumia alama za mwenye nyumba. Mpima ardhi wa wilaya aliweka vyuma viwili mwaka jana, kaskazini na kusini ya uwanja wenu. Vina utepe wa rangi ya chungwa."

"Naviona nikikata nyasi," Merle alisema. "Nilidhani vya gesi."

"Natakiwa kuvuta kamba kutoka chuma hadi chuma, nipige picha. Lakini ofisi hawakunipa kamba."

Merle alinyooka. Hapo alikuwa nyumbani. Kwa miaka arobaini alikuwa ameishi kwa kuvuta kamba kati ya nguzo mbili, na hakuna mtu pande zile aliyeweza kuonyesha uzio wake uliopinda. Alileta kibiringo cha kamba ya rangi ya chungwa kutoka kwenye gari, akafunga mwisho wake kwenye chuma cha kusini, akaanza kuja nao akinyoosha. Kamba ilifika nyumba. Ardith alisimama jikoni akisubiri ipite kwenye misumari.

Haikupita kwenye misumari. Ilifika kwenye dirisha la jiko, katikati kabisa, na Merle akaipenyeza ndani. Ikapita juu ya meza. Ikapita mlango wa chumba bila kugusa fremu. Akaenda nje, akaivuta kutoka dirisha la kaskazini hadi kwenye chuma cha pili, akakaza kwa kidole kama mtu anayejaribu gitaa. Iliponyooka, ilikuwa inaelea shubiri moja juu ya blanketi la viraka, kutoka miguuni hadi kichwani, na imekigawa kitanda mara mbili.

Wote watatu walisimama wakiiangalia.

"Dirisha, mlango, dirisha," Merle alisema polepole kutoka nje. "Yote kwenye mstari. Mzee alijua. Alijua kabisa mstari uko wapi, akapigilia misumari futi tano Kansas ili apate nafasi ya mapipa!"

Miaka themanini na zaidi, polisi kwanza na ukoo mzima baadaye, waliheshimu misumari ya mlevi. Merle aliegemea ukingo wa dirisha akacheka mpaka akashika mkanda, na hata Ardith akajikuta anatabasamu. Halafu akaona kamba vizuri, au aliona ule mstari wa chungwa kwenye ukungu, na tabasamu likakauka.

Alimfuata dirishani. "Ungeweza kuilegeza," alimnong'oneza.

"Kamba yangu?"

"Kidogo tu. Futi tatu."

"Bibie, ina vyuma pande zote mbili." Alimwangalia kwa huzuni. "Na mimi sijui kuvuta kamba ikapinda. Mikono yenyewe haijui."

Alimkasirikia. Alimkasirikia kwa unyofu wake, kwa makofi yake ya siku ile mgahawani, kwa babu yake na mapipa yake. Akarudi ndani na kukaa kwenye kiti cha jikoni.

Deanna alikuwa anabonyeza kishikwambi, uso umekunjamana. "Hakina sehemu ya katikati," alisema. "Kinataka ndani au nje. Tukiandika nje, mnaweza kuomba upya, mkisogeza kitanda sehemu nyingine."

"Upya itachukua muda gani?"

"Sasa hivi tunashughulikia za... Mama, nisikudanganye. Januari. Na Januari huenda masharti yakabadilika. Washington wanataka mambo yao, jimbo linataka yake, sisi tunaletewa barua pepe." Alisita. "Pesa nyingi ni za Washington, lakini funguo ziko kwa kila jimbo. Ndiyo maana mtu wa ng'ambo ya barabara ana mambo tofauti."

"Mtu wa ng'ambo ya barabara tunamjua," Ardith alisema.

Deanna alimega kipande cha pai bila kufikiri, akala, akafumba macho kidogo, akakumbuka sheria, akameza. Labda pai ilifanya kazi yake. Aliangalia kamba tena, akasogea karibu na kitanda, akapima kwa utepe wake wa mfukoni.

"Ukutani hadi kwenye kamba ni futi mbili na nusu, zote Missouri," alisema. "Kitabu kinasema mahali mwombaji anapolala. Mwombaji. Hakisemi kitanda." Aliinua kichwa. "Kila mmoja wenu ni mwombaji peke yake. Nani analala upande wa ukutani?"

Ukweli ulikuwa kwamba Merle ndiye alalaye ukutani. Kwa miaka thelathini na mitatu Ardith alilala upande wa nje, kwa sababu yeye ndiye aamkaye saa tisa usiku kwenda kuoka, na hakutaka kumruka mtu gizani. Merle alipata ukuta, Ardith akapata ukingo. Kwa hesabu hiyo ngiri ilikuwa na bima na macho hayana.

"Yeye," Merle alisema kutoka dirishani. "Mke wangu analala ukutani. Mimi huku. Andika."

"Merle."

"Kuanzia leo. Leo inatosha, si amesema? Mimi ni mtu wa Kansas, nilizaliwa Kansas, nililipigia makofi jimbo langu. Acha nilale nalo." Alijaribu kucheka. Alikuwa amejiegemeza dirishani na mkono mmoja uko pale pale chini ya shati, na Ardith, ambaye asingeweza kuona senti sakafuni, aliuona mkono ule.

Deanna aliweka kidole juu ya kioo. "Basi naandika mama ndani, na mzee..."

"Ngoja," Ardith alisema.

Aliinuka. Akaingia chumbani, akavua viatu, akapanda kitandani akiwa na aproni yake ya unga, akajilaza kwa ubavu, pua ukutani.

"Merle, njoo ndani."

"Bibie, tuna mgeni."

"Nimesema njoo. Vua mabuti."

Merle alizunguka nyumba. Walimsikia jikoni akihangaika na kamba za mabuti, maana kuinama kulimuuma. Aliingia kwa soksi, mwekundu mpaka masikioni, akainama chini ya ile kamba, akalala nyuma ya mkewe. Kitanda kililia. Alijikunja, akavuta mabega, akaingiza tumbo, mkanda na vyote.

"Mgongo wangu?" aliuliza.

Deanna alichuchumaa, akaangalia kwa jicho moja. "Shati liko Kansas, mzee."

Ardith aliurudisha mkono nyuma, akamshika mumewe kiunoni kwa upole upande usiouma, akamvuta. Alikuwa ananuka nyasi na mafuta ya mashine. Ilikuwa muda mrefu hawajalala karibu hivyo.

"Na sasa?"

"Sasa..." Deanna alipiga chafya. "Sasa uko Missouri."

"Tunalala hivi," Ardith aliuambia ukuta. "Sote wawili, upande mmoja. Tumeoana miaka thelathini na mitatu, binti. Andika."

"Kila usiku?"

"Kila usiku."

"Na upande huu mwingine?"

"Hatuutumii."

Deanna Pruitt alisimama. Walisikia kishikwambi kikipiga picha moja, kisha ya pili. Ardith, ambaye hakuweza kumwona, aliomba kimoyomoyo kwa Mungu ambaye hakujua anaandikishwa upande gani.

"Mwombaji wa kwanza, ndani," msichana alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, si ya ofisini tena. "Mwombaji wa pili, ndani. Itachukua siku kumi, mama. Novemba utawahi." Akasita. "Naomba msiinuke, nitajifungulia mlango. Pai yako ni nzuri sana."

Mlango ulifungwa. Gari likawaka, likaondoka kuelekea mashariki.

Hawakuinuka. Ardith alianza kutetemeka, na Merle alidhani analia, kumbe anacheka, na kicheko kikamwambukiza, kikamuuma tumbo, akasema aache, akaendelea kucheka. Jua la alasiri liliingia dirishani na kuigusa kamba. Kitanda kilikuwa laini. Tarehe tisa Novemba ilikuwa wiki tano tu mbele. Ardith alifikiria kuona rangi ya ganda la pai, kuona namba za barabara, kumwona huyu mtu nyuma yake na mvi zake zote, na akaridhika mpaka vidole vya miguu.

"Utakuwa unaniruka saa tisa usiku," Merle alisema.

"Nitakukanyaga."

"Kanyaga. Nina bima."

Mlango wa mbele ulifunguliwa bila kubishwa, na hatua za Twyla zikasikika sebuleni, juu ya misumari, jikoni. Akatokea mlangoni na bakuli la viazi lililofunikwa kwa kitambaa. Aliwaangalia hao wawili waliobanana ukutani kwa nguo za kazi, akaiangalia kamba ya chungwa, akaiangalia nusu ya kitanda iliyobaki tupu, imetandikwa vizuri, bila mtu.

"Mungu wangu," alisema. "Saa tisa mchana?"

Wakamweleza. Merle alisimulia habari ya shati, Ardith habari ya pai. Twyla alicheka mpaka ikabidi aweke bakuli chini na kushika kabati, na hata alipomaliza kucheka hakuliachia kabati.

"Kwa hiyo," alisema akijifuta macho, "humo Missouri nafasi ya mtu wa tatu ipo?"

Merle akaangua kicheko kipya. Ardith naye alianza, kisha akakoma, kwa sababu alimsikia Twyla akingoja. Ilikuwa sekunde moja tu, lakini mtu anayetania hangoji hivyo.

"Ipo," Ardith alisema. "Njoo."

Akajisogeza. Mbele yake kulikuwa na ukuta, na paji la uso likaugusa.